Liriamu ya Dragon Age: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila nikimwazima mtu gemu yangu ya Dragon Age: Origins, wiki haiishi simu haijalia. Swali huwa lilelile: hizi chupa za buluu ni kitu gani, na kwa nini kila mtu ndani ya hadithi anaziogopa wakati mimi nazigida kama soda? Nimelijibu kwa simu, kwa ujumbe wa sauti, mara moja hata msibani, nikaona heri niandike.

Majina ya watu, miji na vikundi nimeyaacha kama yanavyosomeka kwenye kioo, ili ukiyakuta usipotee. Nimepanga maswali kuanzia mepesi kwenda kwenye siri. Ukifika swali la magendo na bado hujacheza Dragon Age II, Inquisition na The Veilguard, na hupendi kukatwa uhondo, ishia hapo.

Liriamu ni nini hasa?

Ni madini ya kubuni ya Thedas, dunia ambamo gemu zote za Dragon Age zinatokea. Zimetengenezwa na studio ya BioWare ya Edmonton, Kanada: Origins ilitoka 2009, Dragon Age II 2011, Inquisition 2014, na The Veilguard Oktoba 2024. Jina Thedas lenyewe lilikuwa kifupisho cha kazini tu, cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya "mazingira ya Dragon Age". Walilitumia mpaka likazoeleka, likabaki.

Ndani ya mwamba liriamu huonekana kama mshipa wa buluu unaotoa mwanga wake wenyewe. Ikishasafishwa inakuwa vumbi au kimiminika. Kazi yake kubwa ni kuupa uchawi nguvu, na hiyo peke yake inatosha kuitia dunia nzima kiwewe. Mchawi akiinywa anaweza mambo ambayo kwa nguvu zake mwenyewe asingeyaweza. Fundi akiitia kwenye upanga, upanga unawaka moto na chuma hakiungui. Hakuna madini ya thamani kuliko hayo huko. Katika dola ya Tevinter, ambako wachawi ndio watawala, bei yake imewahi kuipita almasi.

Tuseme liriamu au lyrium?

Kwenye kioo imeandikwa lyrium. Mimi nasema liriamu, kama tunavyosema uraniamu, na sijaona aliyeshindwa kunielewa.

Neno la kuangalia zaidi ni "mchawi". Kwetu mchawi ni yule anayeroga watu usiku, na hakuna anayejitambulisha hivyo mbele ya wakwe. Huku Thedas uchawi ni wa kuzaliwa nao, kama kipaji au kama ugonjwa, inategemea unayemuuliza. Mtoto hauchagui. Nikiandika mchawi hapa chini sina maana ya mtu mbaya.

Inachimbwa wapi, na nani anaichimba?

Inachimbwa na vibete wa Orzammar, mji uliojengwa chini ya milima. Orzammar ni mji wa matabaka: mtoto wa mhunzi ni mhunzi, mtoto wa mchimbaji ni mchimbaji, na asiye na tabaka anaishi Dust Town kwenye uchafu. Migodi yenyewe iko njia ya Deep Roads, barabara za kale za chini kwa chini ambazo sehemu kubwa zimeshatekwa na darkspawn, majitu yaliyooza yanayoishi gizani. Kwa hiyo mchimbaji ana mawili ya kuogopa, jiwe lililo mbele yake na kitu kinachoweza kumjia kutoka nyuma.

Kinachonifurahisha ni namna wanavyoitafuta: kwa masikio. Liriamu ghafi inaimba, na mchimbaji mzoefu huusikia wimbo wake hata kukiwa na mwamba mzima katikati. Shika hilo la kuimba, tutalirudia.

Vibete wanaiweza kazi hii kuliko wengine kwa sababu hawana uchawi kabisa na hawaoti ndoto. Watu wa jamii nyingine wakilala, roho zao huingia Fade, yaani ulimwengu wa ndoto na mapepo. Kibete akilala, amelala. Hilo linampa kinga fulani dhidi ya liriamu, ingawa si kinga kamili.

Nikigusa ile ghafi itakuwaje?

Inategemea wewe ni nani. Kibete akikaa nayo muda mrefu anaweza kuwa kiziwi au kupoteza kumbukumbu. Binadamu wa kawaida, au hawa wenye masikio ya ncha ambao Kiingereza kinawaita elves (nimejaribu kuwaita "maelfu" watu wakadhani nahesabu), akiigusa anapata kichefuchefu, ngozi inatoka malengelenge, na akili inaruka. Mchawi hatakiwi hata kuisogelea. Akiisogelea anakufa.

Angalia kichekesho kilichomo humo: anayeihitaji kuliko wote ndiye asiyeweza kuikaribia. Lazima apitie kwa mtu mwingine, na huyo wa katikati ndiye mwenye nguvu.

Huyo wa katikati ni nani?

Chantry, kanisa kuu la Thedas. Kwa utaratibu rasmi, liriamu iliyosafishwa inatoka Orzammar kwenda Chantry tu, na Chantry ndiyo inayogawa: fungu moja kwa Circle, minara ambamo wachawi wanafungiwa, na fungu jingine kwa Templar, askari wanaowalinda na kuwachunga wachawi hao. Mfungwa na askari jela wanapokea mgao kutoka ghala moja. Ukilielewa hili umeshaelewa nusu ya siasa za gemu zote nne.

Wachawi wanaifanyia nini?

Ukianza Origins ukiwa mchawi, utaiona dakika za mwanzo kabisa. Wanakupeleka juu ya mnara usiku, Templar wamesimama kando na panga, katikati ya chumba kuna chombo chenye liriamu inayong'aa. Unainyooshea mkono, na mara uko Fade ukiwa na akili zako zote, tofauti na mtu anayeota. Huo ndio mtihani unaoitwa Harrowing. Pepo likikushinda, wale Templar kando yako wanajua la kufanya, na ndiyo maana wameshika panga.

Matumizi mengine ni ya kila siku: dawa za kurudisha mana (nguvu ambayo mchawi huitumia kila anapofanya uchawi), vumbi la kutengenezea dawa hizo, na nakshi za kichawi kwenye silaha. Kazi ya nakshi kwa sehemu kubwa inafanywa na Tranquil. Hawa ni wachawi waliopigwa chapa ya liriamu kwenye paji la uso ili watenganishwe na Fade. Chapa ikishapigwa, uchawi unakwisha, na pamoja nao ndoto, hasira, furaha na mapenzi. Wanabaki wapole, wanajibu kila swali kwa sauti ileile, na wanaishika liriamu bila shida. Ukiwa dukani kwao ukinunua vitu, jaribu kuwasemesha. Mimi nilitoka pale sina hamu ya kununua kitu.

Yupo pia Sandal, kijana wa kibete anayesafiri na mfanyabiashara Bodahn. Anatia nakshi bila mafunzo yoyote na msamiati wake hauzidi maneno machache. Mpende tu.

Sasa mbona mhusika wangu anakunywa chupa arobaini na hadhuriki?

Swali zuri kuliko yote, na jibu la kweli ni kwamba gemu inakuhurumia. Ndani ya hadithi, kuitumia kwa muda mrefu kunaleta uraibu, na wachawi wa kale wa Tevinter inasemekana walibadilika maumbo mpaka ndugu zao wakawa hawawatambui. Lakini kwenye mapigano watunzi walihitaji chupa ya kurudisha mana, basi wakaipa jina hilo hilo. Hakuna kipimo cha uraibu kilichofichwa mahali. Kunywa, zimwi life, endelea.

Wako wanaosema huo ni uzembe wa watunzi. Mimi naona umeleta kitu ambacho pengine hawakukipanga. Unajizoesha. Saa thelathini za kwanza unaikusanya kila pembe, ukiona mng'ao wa buluu moyo unatulia. Halafu unakutana na Templar aliyeachishwa kazi, anatetemeka, anaomba chochote, na unakumbuka mkoba wako una chupa ngapi.

Templar si wachawi. Wao wanainywa ya nini?

Wanaambiwa kwamba ndiyo inayowapa uwezo wa kuzima uchawi. Wanaanzishiwa wakila kiapo, na tangu siku hiyo hawaachi. Miaka ikienda wanaanza kuchanganyikiwa: hawatofautishi jambo la jana na la leo, wala ndoto na macho makavu. Wanakuwa watu wa kushuku kila mtu. Na akitaka kuacha, mwili unamkatalia. Wengine wanapata wazimu, wengine wanakufa.

Sasa mwulize Alistair. Yeye ni mwenzako wa safari katika Origins, alifunzwa u-Templar lakini akaondoka kabla ya kiapo. Anakueleza bila kuficha: liriamu inaufanya ule uwezo uwe mkali zaidi, lakini uwezo wenyewe unatokana na mafunzo. Yeye anao na hanywi. Zaidi ya hapo, anaweza kumfundisha mhusika wako, na wewe ukazima uchawi wa adui bila kumeza tone kwa ajili hiyo. Ushahidi uko mikononi mwako, kwenye vitufe. Kwa hiyo Chantry inawapa ya nini? Alistair analo jibu lake: askari mraibu haendi mbali na anayemgawia.

Hapo ndipo liriamu inapoyaacha mbali madini mengine ya kichawi niliyoyakuta kwenye gemu. Mengi ni ya kufulia panga kali zaidi, basi. Hili unaweza kulifuata kutoka sikio la mchimbaji hadi mkono wa askari unaotetemeka, na kila aliyeko njiani amelipa kitu.

Cullen ndiye mfano utakaoukumbuka. Katika Inquisition ni kamanda wa jeshi lako, Templar wa zamani, na ameamua kuacha. Amemwomba Cassandra, mwenzako mwingine wa safari, amwangalie na, akiona ameshindwa, amtafutie mbadala. Siku moja unaingia ofisini kwake, na kabla hujasema neno kisanduku cha vifaa vya liriamu kinaruka na kupasuka kando ya mlango. Anaomba radhi, hakukusikia ukiingia. Halafu gemu inakuachia uamuzi: umtie moyo avumilie, au umwambie arudie kunywa kwa sababu vita vinamhitaji akiwa na nguvu.

Mara yangu ya kwanza nilimwambia anywe. Nilikuwa nawaza jeshi. Nilisevu, nikazima, nikalala, na kesho yake nikarudi kwenye sevu ya nyuma.

Cassandra mwenyewe ni wa kundi la Seekers, wanaowasimamia Templar. Hao hawanywi kabisa, na wana uwezo wa kuiwasha moto liriamu iliyomo kwenye damu ya mtu. Fikiria mkubwa wako kazini ana uwezo huo.

Fenris ni mchawi?

Hapana, na usimwite hivyo. Fenris wa Dragon Age II alikuwa mtumwa Tevinter, na michoro myeupe mwilini mwake ni liriamu iliyochomwa ndani ya ngozi na bwana wake, Danarius. Inamwezesha kupitisha mkono ndani ya kifua cha mtu kama anapitisha kwenye moshi. Maumivu ya siku ile yalifuta kumbukumbu zake zote za nyuma. Ukimfuata hadi sura ya tatu utajua jina lake la kuzaliwa na utajua aliipataje ile michoro. Hapo sisemi.

Nimekutana na Rogek huko Dust Town anataka nibebe mzigo. Nikubali?

Hii ni Origins. Rogek anataka upeleke liriamu ya magendo kwa mchawi anayeitwa Godwin, ndani ya mnara wa Circle. Anakuuzia mzigo kwa sarafu 50 za dhahabu. Ukiwa na mdomo mtamu anapunguza. Faida ipo, si ya kujengea nyumba.

Ushauri wangu ni kuhusu mpangilio. Ukiwa mnarani wakati wa vurugu za mapepo utamkuta Godwin amejificha kabatini. Ukimaliza kwa kuwaokoa wachawi, anabaki hai na biashara inafanyika. Ukikubali Circle ifutwe, mteja wako amekwenda na maji, na liriamu unayo mkononi. Kwa hiyo anzia mnarani, ndipo uende Orzammar na mkoba uliojaa.

Liriamu nyekundu ni kitu kingine au ni ileile?

Ni ileile, imeugua.

Inaanza Dragon Age II. Msafara unashuka Deep Roads, mnakuta magofu ya kale kuliko yote yanayojulikana, na ndani yake sanamu ndogo ya liriamu nyekundu. Bartrand, kaka yake Varric (kibete mwenzako wa safari), anaitia mkononi, anawafungia mlango, anaondoka nayo. Ndugu yake wa damu! Sanamu inamtia wazimu, lakini kabla ya hapo anaiuza, na mnunuzi ni Meredith, mkuu wa Templar wa mji wa Kirkwall. Meredith anaifanya upanga. Miaka inapita, anazidi kuona maadui kila pembe, na mwishowe unapigana naye uwanjani mpaka upanga unavunjika na yeye mwenyewe anageuka sanamu nyekundu, amepiga magoti.

Ile ya buluu inakuharibu polepole. Nyekundu haina subira, na haihitaji uinywe. Kukaa karibu nayo kunatosha. Katika Inquisition kuna jeshi zima la Red Templar, na baadhi yao vipande vya jiwe vinachomoza mabegani na mgongoni. Nenda Emprise du Lion, kwenye theluji, uone kijiji cha Sahrnia. Bibi mmoja, Mistress Poulin, aliwauzia machimbo kwa sababu kijiji kilikuwa kinakufa njaa. Wanunuzi walipomaliza kuhitaji mawe wakaanza kuhitaji watu: jiwe jekundu linaoteshwa ndani ya miili. Baadaye Poulin analetwa mbele yako umhukumu. Mimi kila nikirudia gemu hutoa hukumu tofauti, na sijawahi kuridhika na hata moja.

Ni Bianca, fundi wa kibete na mpenzi wa zamani wa Varric, anayegundua sababu ya wekundu: liriamu imepata Blight, ule ugonjwa wa darkspawn. Tatizo ni kwamba Blight haishiki kitu kisicho na uhai. Haishiki chuma, wala jiwe.

Ina maana liriamu ni kiumbe hai?

Ni damu. The Descent, nyongeza ya Inquisition iliyotoka 2015, inakushusha chini kuliko Deep Roads zenyewe, ukiwa na kibete anayeitwa Valta, mpaka mahali ambapo ardhi ina mapigo. Huko unajua kwamba chini ya dunia wapo Titan, viumbe wakubwa kama milima, na mishipa ya buluu ni mishipa kwelikweli. Ule wimbo waliousikia wachimbaji muda wote haukuwa wa jiwe.

The Veilguard inamalizia: Titan walitenganishwa na ndoto zao katika vita vya kale, na hasira yao iliyokatwa ndiyo iliyozaa Blight. Vibete walitokana na Titan, ndiyo maana hawaoti. Nilipofika hapo niliweka rimoti chini nikakaa kimya. Miaka kumi na mitano tangu Origins, na jibu lilikuwa limekaa kwenye ukurasa wa kwanza wa maelezo ya vibete.

Kuna tukio moja ambalo nisikubali linipite?

Lipo, na linapitwa na wengi kwa sababu linahitaji ukumbuke mtu mdogo.

Katika Dragon Age II, ukizunguka Kirkwall usiku, utamkuta Samson, Templar aliyefukuzwa, sasa ni ombaomba wa liriamu. Kosa lake lilikuwa kubeba barua za mapenzi za mchawi mmoja, Maddox, kwenda kwa msichana wake. Samson alifukuzwa. Maddox alipigwa chapa akafanywa Tranquil. Kwa sababu ya barua.

Katika Inquisition, ukichagua kushirikiana na wachawi, Samson anarudi akiwa jenerali wa Red Templar, ndani ya deraya ya liriamu nyekundu isiyopenyeka. Fuata kazi ambayo Cullen anakupa ya kuisaka siri ya deraya hiyo. Ukimaliza, Dagna, fundi wako wa kibete, atakutengenezea cha kuivunja. Safari inaishia kwenye hekalu la kale linaloungua. Sakafuni amekaa mtu mmoja, ana chapa kwenye paji la uso. Ni Maddox. Deraya ni kazi ya mikono yake.

Amechoma vifaa vyote na ameshakunywa sumu ili asiweze kuhojiwa. Anaeleza hivyo kwa sauti ileile tambarare ya Tranquil. Baada ya chapa Maddox alikuwa hana pa kwenda, na Samson ndiye aliyempa mahali na kazi. Alitaka kumsaidia. Mtu aliyeondolewa mapenzi kwa chuma cha moto anakueleza hayo, halafu kichwa kinainama, na Cullen hajui aangalie wapi.